Mwamuzi na Lawama Zake

Hakuna mji katika Afrika Mashariki uliosikiliza mashauri mengi ya watu wa mbali kama Arusha. Chini ya Mlima Meru, ambao kilele chake kinapita mita 4,500 juu ya usawa wa bahari, Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikaa tangu mwaka 1995 hadi mwisho wa mwaka 2015. Katika mji huo huo wanaketi majaji wa Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, na majaji wa Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki. Majoho, majalada na wakalimani si vitu vya ajabu kwa mkazi wa Arusha, kama vile ukungu wa asubuhi usivyo ajabu kwa mkulima wa Tengeru. Na katika mji huo wa mahakama upo uwanja wa mpira wa Sheikh Amri Abeid, ambamo mwamuzi hana joho, hana jalada, hana mkalimani, na hukumu yake hutoka kwa pumzi moja ya filimbi. Majaji wa kwanza huheshimiwa hata na wale wasioelewa lugha yao. Mwamuzi wa pili hutukanwa hata na watoto.

Hasira ya watazamaji dhidi ya mwamuzi wa mchezo ni jambo ambalo wanahistoria hulipita kando, kama mtu apitavyo ugomvi wa sokoni. Hulihesabu kuwa ni kelele, na kelele hazina historia. Walakini kelele hizo zina asili yake, zina msamiati wake, na zikitazamwa kwa makini zinahusu jambo ambalo watu wa Meru walilibeba zamani hadi ng'ambo ya bahari: nani ana haki ya kuamua, na je, anayeamuliwa ana haki ya kuambiwa sababu?

Yafaa kuanza na tukio lililo karibu. Tarehe 5 Aprili 2024 timu mbili kubwa za Tanzania zilicheza ugenini siku moja, zote katika robo fainali ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Simba walikuwa Cairo mbele ya Al Ahly, wakiwa wamekwisha kufungwa bao 1-0 nyumbani. Wakafungwa mengine mawili, wakatoka mashindanoni. Yanga walikuwa Pretoria mbele ya Mamelodi Sundowns, baada ya kutoka sare ya 0-0 mjini Dar es Salaam. Katika kipindi cha pili cha mchezo wa Pretoria, Stephane Aziz Ki alipiga shuti kali kutoka mbali. Mpira ukagonga mwamba wa juu kwa upande wa chini, ukadunda ardhini, ukarudi uwanjani. Picha zilizorudiwa na televisheni ziliwafanya watazamaji wengi, na si wa Yanga peke yao, kuamini kwamba mpira ulikuwa umevuka mstari. Waamuzi wa video walilitazama jambo hilo. Refa, mtu wa Mauritania, hakwenda kujitazamia mwenyewe kwenye kioo kilichowekwa kando ya uwanja. Na bao halikuhesabiwa. Mchezo ukaisha 0-0, ikapigwa mikwaju ya penalti, na Sundowns wakashinda kwa 3-2.

Msiba wa Simba ulizikwa upesi. Msiba wa Yanga ulikaa matanga muda mrefu, na hadi leo mtu akitaja Pretoria mbele ya shabiki wa timu hiyo, kidonda hufunguka. Tofauti ya misiba hiyo miwili inafunza jambo. Aliyefungwa mabao matatu katika michezo miwili hana nafasi ya kumtafuta mkosaji nje ya nyumba yake. Aliyekosa kwa upana wa mstari wa chokaa ana nafasi kubwa sana, na humo ndani ya nafasi hiyo ndimo mwamuzi huingizwa. Ni vema kusema pia lile ambalo mashabiki hawapendi kulisikia, kwamba katika dakika 180 za michezo miwili hakuna mpira mwingine wa Yanga uliokaribia kuzua mjadala wa namna ile, na kwamba mikwaju ya penalti ilipigwa na wachezaji wenyewe bila msaada wa mtu wa Mauritania. Kumbukumbu ya mshindwa huchagua. Hukumbuka mwamba, husahau mikwaju.

Arusha haina nasaba na timu hizo. Zote mbili ni wana wa Kariakoo: Yanga iliyoundwa mwaka 1935, na Simba iliyofuata mwaka 1936, ambayo iliitwa Sunderland mpaka mwaka 1971. Lakini nchi nzima imegawanyika kati yao, na Arusha nayo imegawanyika vivyo hivyo. Vibanda umiza vya mji, ambamo watu hulipa ada ndogo na kubanana kwenye mabenchi mbele ya televisheni moja, huwa na upande wa kijani na upande wa wekundu, na mchezo uliochezwa kilomita elfu kadhaa mbali huamuliwa upya humo kwa sauti kubwa kuliko ile ya mtangazaji. Kwa hiyo malalamiko juu ya refa hayahitaji kuwapo uwanjani. Yanahitaji televisheni, jirani wa upande wa pili, na tofauti ya bao moja.

Malalamiko hayo yana lugha yake, nayo yastahili kuchunguzwa kama ushairi unavyochunguzwa. Neno kuu ni kubebwa. Timu iliyopendelewa na refa imebebwa. Na mara nyingine husemwa kwa mkato kwamba ilipewa mbeleko. Mbeleko ni nguo ambayo mama humbebea mtoto mgongoni, na katika ndoa za Waswahili ni jina la zawadi apewayo mama wa bibi arusi kwa sababu ya taabu ya ulezi. Tusi lililofichwa humo ni tusi la mapipa mawili. Washindi wamefanywa watoto wachanga wasioweza kutembea kwa miguu yao. Na refa, mtu mzima mwenye mamlaka, amefanywa yaya. Tena ajabu ya neno hili ni kuwa halitumiki kwa nafsi ya kwanza. Hajapata kusikika shabiki akikiri kwamba timu yake ilibebwa. Kitenzi hiki kina nafsi ya tatu tu, na mwanafunzi wa sarufi akitaka mfano wa kitenzi pungufu katika Kiswahili cha leo, na achukue huu.

Katika msamiati huo zimechanganywa tuhuma mbili ambazo sheria huzitenga. Ya kwanza ni kwamba mwamuzi amekosea. Ya pili ni kwamba mwamuzi ameuza haki. Ya kwanza ni ya macho, ya pili ni ya moyo. Mtu anaweza kuithibitisha ya kwanza kwa picha. Ya pili huhitaji ushahidi wa fedha, ahadi au maneno ya siri, na aghalabu hutamkwa bila hata kimoja cha hivyo. Hapa shabiki hukosa, na hukosa vibaya. Kumwita mtu mwizi kwa sababu hakuona jambo lililopita mbele yake kwa nusu sekunde ni dhuluma kubwa kuliko ile iliyolalamikiwa, kwa kuwa bao lililokataliwa huumiza kwa msimu mmoja, lakini jina la mwizi humfuata mtu mpaka kwa watoto wake. Waamuzi wa nchi hii si matajiri. Wengi wao wana kazi nyingine za kuwapatia riziki, na Jumatatu hurudi kuzifanya miongoni mwa watu wale wale waliowazomea.

Ukali wa tuhuma hizo ulionekana tarehe 1 Oktoba 2016 katika Uwanja wa Taifa, Dar es Salaam. Simba na Yanga walikuwa wakicheza. Amissi Tambwe wa Yanga alifunga bao baada ya mpira kumgusa mkononi, na refa akalikubali. Wachezaji wa Simba walimzingira, na katika vurumai hiyo nahodha wao, Jonas Mkude, akaonyeshwa kadi nyekundu. Jukwaani baadhi ya mashabiki waling'oa viti. Simba walipata sare dakika za mwisho kwa kona ya Shiza Kichuya iliyoingia moja kwa moja, lakini sare haikuponya kitu. Serikali ilizifungia timu zote mbili uwanja huo kwa sababu ya uharibifu uliotendeka. Baadaye kadi ya Mkude ilifutwa na wenye mamlaka ya mpira. Ni jambo la kutazamwa: neno la mwamuzi, ambalo uwanjani halina rufani, lilitenguliwa mezani. Bao halikutenguliwa, wala halingeweza kutenguliwa, kwa maana muda uliokwisha kuchezwa haurudi. Hivyo viti viling'olewa kwa ajili ya jambo lisilo na dawa, na lile lililokuwa na dawa lilitibiwa kwa karatasi, bila kelele.

Je, mamlaka haya yasiyo na rufani yalitoka wapi? Watu hudhani refa alizaliwa pamoja na mpira. La hasha. Sheria za kwanza za mpira wa miguu zilizoandikwa London mwaka 1863 hazikumtaja kabisa. Wachezaji walidhaniwa kuwa waungwana ambao wangekiri makosa yao wenyewe. Dhana hiyo ilipochakaa, kila timu ikaja na mwamuzi wake, na hao wawili hawakusema neno mpaka mchezaji alipolalamika na kuomba hukumu. Wasipopatana, shauri lilirejeshwa kwa mtu wa tatu aliyekaa nje ya uwanja. Jina lake la Kiingereza lina maana hiyo hasa, yaani yule ambaye jambo hurejeshwa kwake, na ndilo lililotupa sisi neno refa. Mwaka 1891 mambo yaligeuzwa. Wale wawili waliondolewa na kupelekwa mistarini na bendera zao, na mtu wa tatu akaingizwa katikati ya uwanja akiwa na uwezo wa kuhukumu bila kuombwa na mtu. Mwaka huo huo penalti nayo ikaingia sheriani. Basi tangu siku hiyo mchezaji alipoteza haki ya kuomba, na refa akapoteza ulazima wa kusubiri. Makelele ya jukwaani, kwa historia hii, ni mabaki ya haki ya kale iliyonyang'anywa.

Kiswahili kina neno lake pia, nalo ni zuri kuliko lile la kukopa. Mwamuzi hutoka katika kitenzi amua, na kuamua kwa asili si kutoa hukumu tu, bali ni kuwaachanisha watu wanaopigana. Mpita njia anayejitia kati ya vijana wawili walioshikana mashati ni mwamuzi, hata kama hajui aliyeanza. Kazi yake hutegemea jambo moja, kwamba wote wawili wamkubali walau kwa dakika ile. Hakimu ana askari nyuma yake. Mwamuzi ana mikono yake na haya ya wapiganaji. Neno hili likipelekwa uwanjani huleta maana ambayo neno refa halina, na lilipochaguliwa kuwa jina rasmi katika mpira wa Tanzania, pengine wachaguzi hawakukusudia hayo yote. Lugha huwa na busara kuliko wasemaji wake.

Yapo mengine ya busara katika jina la uwanja wa Arusha. Sheikh Kaluta Amri Abedi, aliyezaliwa Ujiji mwaka 1924, alikuwa Mwafrika wa kwanza kuwa Meya wa Dar es Salaam, na baada ya uhuru akawa Waziri wa Sheria mwaka 1963. Alifariki Oktoba 1964 huko Ujerumani, akiwa na miaka 40. Lakini wasomi wa lugha humjua zaidi kwa kitabu chake cha mwaka 1954, Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, ambacho kwa mara ya kwanza kiliweka katika maandishi, kwa mpango unaofundishika, kanuni za vina, mizani na beti. Mtu mmoja, basi, alisimamia sheria za nchi na sheria za shairi, na jina lake likaishia juu ya lango la uwanja ambamo sheria za aina ya tatu huvunjwa na kulalamikiwa kila msimu.

Kitabu hicho kilipata bahati ya pekee. Katika miaka ya 1970, washairi vijana walipoanza kutunga mashairi yasiyo na vina wala mizani, na Euphrase Kezilahabi akatoa diwani yake ya Kichomi mwaka 1974, wapinzani wao walikishika kitabu cha Amri kama refa ashikavyo filimbi. Hili si shairi, walisema, kwa kuwa halina kina. Ugomvi huo ulikuwa mkali, lakini ulikuwa ugomvi wa hoja: waliokataa walisema kwa nini wanakataa, na waliotetea walijibu. Hakuna aliyeng'oa viti. Tofauti haiko katika ustaarabu wa washairi, ambao kwa maneno wanaweza kuwa wakali kuliko mashabiki wowote. Iko katika nafasi waliyokuwa nayo ya kujibizana. Sheria ya Amri ilikuwa imeandikwa pamoja na mifano, na mwenye kuipinga alijua anapinga nini.

Kutoka uwanjani mpaka Engare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa Mlima Meru, si mbali kwa gari. Hapo ndipo shauri kubwa la Wameru lilipoanza. Si haki kulinganisha ardhi na mpira, na msomaji asifikiri kwamba ulinganisho huo unafanywa hapa. Mtu aliyechomewa nyumba na mtu aliyenyimwa bao hawakai kwenye kipimo kimoja. Kinacholinganishwa ni umbo la malalamiko. Baada ya vita vya pili vya dunia, tume ya Jaji Mark Wilson ilichunguza ardhi za Arusha na Moshi, na taarifa yake ya mwaka 1947 ikapendekeza mipaka ya makabila na ya walowezi ipangwe upya. Katika utekelezaji wake, mashamba nambari 31 na 328 yaliamriwa yatolewe kwa ufugaji wa Wazungu, na Wameru waliokuwa wakiishi humo wahamishwe. Kuanzia Novemba 1951 watu kiasi cha 3,000 walitolewa kwa nguvu na nyumba zao kuchomwa moto.

Wameru hawakulalamika kwamba hapakuwa na sababu. Sababu zilikuwapo, zimepigwa chapa, zina kurasa na ramani. Walilalamika kwamba aliyechunguza, aliyepitisha, aliyetekeleza na aliyefaidika walikuwa wa nyumba moja. Kwa lugha ya leo wangesema walowezi wamebebwa, na mara hii neno lingekuwa na ushahidi wake. Ndipo walipofanya jambo ambalo hakuna watu wa Tanganyika waliokuwa wamelifanya kabla yao: walimtafuta mwamuzi mwingine. Tanganyika ilikuwa nchi ya udhamini, na juu ya Uingereza ulikuwapo Umoja wa Mataifa. Kwa michango ya watu wa mlimani, Kirilo Japhet na mwanasheria Earle Seaton, mzaliwa wa Bermuda aliyefanya kazi Moshi, walipeleka shauri lao New York mwaka 1952.

Mwisho wa safari ile wajulikana, lakini umbo lake halitazamwi sana. Baraza la Udhamini lilionyesha masikitiko yake Julai 1952, bila kuamuru ardhi irudishwe. Shauri likapelekwa kwenye Kamati ya Nne ya Baraza Kuu, na huko azimio la kuwaunga mkono Wameru likapita. Lilipofika mbele ya Baraza Kuu lenyewe, Desemba 1952, kura za kuliunga mkono zilikuwa nyingi kuliko za kulipinga. Walakini hazikufika theluthi mbili zilizotakiwa na kanuni. Wameru wakawa wamepata wingi na kukosa ushindi. Ni vigumu kupata katika historia ya nchi hii kushindwa kwa karibu kuliko huko. Kirilo alirudi, akazunguka akiwaeleza watu aliyoyaona, na hakuwaambia watu kwamba Umoja wa Mataifa ulinunuliwa. Aliwaeleza kura zilivyokwenda. Kitabu alichokiandika pamoja na Seaton na kuchapwa Nairobi mwaka 1967 kimejaa barua, hati na maelezo ya vikao, si matusi. Walikuwa wameshindwa, lakini walijua hasa walishindwa wapi, kwa kanuni ipi, na nani alisema nini. Elimu hiyo ilifanya kazi: TANU ilipozaliwa Julai 1954, Wameru hawakuhitaji kufundishwa maana ya siasa.

Hapo ndipo ile hasira ya Pretoria inapopata uzito wake. Shabiki aliyetazama mpira ukidunda nyuma ya mstari, kwa macho yake au kwa tamaa yake, hakuambiwa kitu. Watu walikaa mbele ya vioo katika chumba, walitazama picha ambazo hakuziona, walizungumza maneno ambayo hakuyasikia, na jibu likaja kwa namna ya mchezo kuendelea. Katika mahakama ya Rwanda iliyokaa Arusha, hukumu ya kwanza, ya Jean-Paul Akayesu, iliyotolewa tarehe 2 Septemba 1998, ilieleza kwa mamia ya kurasa ni ushahidi gani ulioaminiwa na upi uliokataliwa. Na asiyeridhika alikuwa na chumba cha rufani. Hakuna anayeutaka mpira upate hukumu za kurasa mia. Lakini kati ya kurasa mia na ukimya ipo nafasi ya sentensi moja.

Itasemwa kwamba mashine italeta dawa. Historia yenyewe haiungi mkono matumaini hayo kwa ukamilifu. Tarehe 30 Julai 1966 mpira wa Geoff Hurst uligonga mwamba wa Wembley, ukadunda, na mshika bendera kutoka Azerbaijan akasema ni bao. Wajerumani wamelibishia bao hilo mpaka leo. Tarehe 27 Juni 2010, huko Bloemfontein, mpira wa Frank Lampard uligonga mwamba vivyo hivyo, ukavuka mstari waziwazi mbele ya dunia nzima, na haukuhesabiwa. Safari hii Waingereza ndio waliolia. Kilio hicho ndicho kilichosukuma mitambo ya mstari wa goli ikubaliwe mwaka 2012, na waamuzi wa video wakaingia katika sheria za mpira mwaka 2018. Pretoria ilikuwa na waamuzi wa video. Mtambo wa mstari haikuwa nao. Mashine iliyokuwapo iliongeza jambo moja tu, nalo ni idadi ya watu wa kulaumiwa. Zamani refa alikuwa na udhuru kwamba hakuona. Mwenye kioo hana udhuru huo, na ukimya wake ni mzito zaidi.

Mchezo mmoja umelifikiria jambo hili vizuri kuliko mpira wa miguu, nao ni mpira wa magongo. Katika Tanzania mchezo huo haukuwa na mashabiki wengi, ingawa timu ya wanaume ya taifa ilikwenda Moscow kwenye Olimpiki ya 1980 na kufungwa na India mabao 18-0. Hakuna anayewakumbuka waamuzi wa siku hiyo, wala hakuna aliyewalaumu. Uwanja wa magongo huwa na waamuzi wawili wenye uwezo sawa, kila mmoja na nusu yake. Na katika mashindano makubwa timu hupewa haki ya kuomba uamuzi utazamwe tena kwa picha. Ikiomba kwa haki, hubaki na haki yake. Ikiomba bure, huipoteza. Kwa kanuni hiyo ndogo ile haki iliyoondolewa mwaka 1891 imerudishwa, pamoja na gharama yake. Nahodha hujifunza kuyapima malalamiko yake kabla ya kuyatoa, kwa kuwa ana moja tu mkononi. Mashabiki wa mpira wa miguu hawana kipimo hicho, na kitu kisicho na gharama hutumiwa ovyo.

Waendeshaji wa mpira wa Tanzania walichagua njia nyingine, nayo ni ile ya Wameru: kumtafuta mwamuzi wa mbali. Mchezo wa ligi kati ya Yanga na Simba uliopangwa tarehe 8 Machi 2025 haukuchezwa. Simba walisema walizuiwa kufanya mazoezi uwanjani usiku wa kuamkia mchezo, wakakataa kucheza, mchezo ukaahirishwa, Yanga nao wakasema hawatacheza tena mchezo ambao wao walikuwa tayari kuucheza. Miezi mitatu ikapita katika ubishi. Ulipochezwa hatimaye, tarehe 25 Juni 2025, filimbi alipewa refa kutoka Misri. Nchi yenye waamuzi wake wenye beji za kimataifa ilikiri kwa kitendo hicho kwamba hapakuwa na mwana wake ambaye pande zote mbili zingemkubali kuwaamua kwa dakika 90.

Yawezekana ilikuwa hekima. Aliyeko mbali hana shangazi Jangwani wala mjomba Msimbazi. Lakini Wameru walikwenda New York kwa sababu mwamuzi wa nyumbani hakuwa wao. Alikuwa gavana wa wageni. Mpira wa Tanzania ulikwenda Misri ilhali waamuzi wa nyumbani ni wana wa nchi, waliofundishwa na kupandishwa vyeo na chama cha nchi. Na wakati huo huo Arusha, mji ambao wazee wake walilazimika kuvuka bahari kutafuta sikio, ulikuwa ukisikiliza mashauri ya Waafrika wa pande zote, ambao waliwaamini majaji wake kuliko mahakama za kwao. Mwaka 2024 pia ulianza ujenzi wa uwanja mpya mjini humo, kwa ajili ya Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027, ambalo Tanzania ilipewa kuliandaa pamoja na Kenya na Uganda. Na huo nao ni kwa ajili ya kuwapokea waamuzi wa mbali.

Refa wa Misri aliuchezesha mchezo wa Juni mpaka mwisho. Yanga walishinda 2-0, na bao la kwanza lilikuwa la penalti.